Siku Eulalia Aliponyamaza

Jumatatu asubuhi ofisi ya kumbukumbu ya mji ilimletea Evelio flashi yenye kazi ya wiki, na kwa mara ya kwanza mashine yake ikashindwa kuifungua.

"Faili hili halifunguki," alisema Eulalia.

Eulalia hakuwa mtu. Alikuwa sauti ya kompyuta, sauti ya kike, kavu, isiyovuta pumzi, iliyomsomea Evelio kila kilichoandikwa kwenye skrini tangu kisukari kilipomzima macho yote mawili. Jina alipewa na Zoraida, mkewe Evelio. Kwa miaka tisa Zoraida alikuwa akiwaambia majirani kwamba ana mke mwenza asiyepika wala kufua, lakini asiyekosa la kusema.

"Mwombe tena," Zoraida akasema kutoka jikoni, alikokuwa akichagua mawe kwenye maharage meusi. "Wewe ukimbembeleza huwa anakubali."

Evelio akabonyeza tena.

"Faili hili halifunguki."

"Leo kanuna," akasema Zoraida.

Mashine yenyewe ilikuwa sanduku zito la chuma. Zamani lilikuwa likichora ramani katika kiwanda cha sukari cha Tres Ceibas, enzi kiwanda kikisaga miwa na Evelio akiwa mchoraji wake. Kiwanda kilipovunjwa, sanduku likaandikwa kwenye orodha ya vyombo vya kutupwa, naye akaomba apewe. Mifumo ya kununua isingeweza kuishi humo. Ndani yake ilikaa Linux, mfumo ambao watu wa kila nchi huuandika na kugawana bila kuuziana, nao ulikwenda polepole, kama mtu mwenye goti bovu, lakini ulikwenda. Miaka sita haujasasishwa. Evelio hakutaka uguswe.

Kazi yake ilikuwa kusikiliza sauti za wazee wa mashamba ya miwa, ambao ofisi ilikuwa ikiwarekodi kabla hawajaisha, na kuyaandika maneno yao yote kama walivyoyasema. Aliipenda. Pia ndiyo iliyokuwa ikijazia pale pensheni inapoishia, na pensheni iliishia mapema.

Akampigia simu ndugu Nivia, mkuu wa ofisi.

"Tumebadilisha vinasa sauti, ndugu Evelio," akasema Nivia. "Hizi faili ni za aina mpya. Wenzako wote wanazifungua."

"Yangu haizifungui."

"Basi isasishe. Mimi nahitaji kurasa ishirini Ijumaa. Sikutishi, usinielewe vibaya. Lakini mkataba wako unaisha mwezi huu, na nikipeleka jina lako tena bila kazi mkononi, huko juu wataniuliza. Kuna mwingine ameleta maombi. Ana laptopu."

Evelio alipoweka simu chini, binti yake Yaremis alikuwa tayari amesimama mlangoni na koti lake jeupe la duka la dawa, maana simu ya Nivia husikika hadi barabarani.

"Nitaisasisha mimi, Baba. Kesho niko zamu ya jioni."

"Umewahi kusasisha mashine?"

"Darasani." Alikuwa amesoma kompyuta madarasa ya jioni kwa miaka miwili, akitoka kazini miguu imevimba.

"Na ya darasani ilikuwa na umri gani?"

"Baba, jamani."

"Nauliza tu," akasema Evelio. "Hii ni mzee mwenzangu. Sipendi apasuliwe na mtu aliyefanyia mazoezi watoto."

*

Mtandao wa simu ulitosha kutumiana salamu. Haukutosha kushusha mfumo mzima. Katika mji ule sasisho lilikuja kwa miguu, na miguu yenyewe ilikuwa ya Ariosto, mwanamume mrefu mwenye kifua mbele ambaye mtaa wote ulimwita Pengwini. Alifika Jumanne saa tatu asubuhi na diski yake ndani ya soksi ya bintiye mchanga, ili isigongwe.

"Humu kuna toleo jipya lote, mzee," akasema, akiivua soksi taratibu. "Limetoka chuo kikuu wiki jana. Kila programu unayoijua na usiyoijua."

"Na za mashine ya aina hii zimo?"

"Zimo. Ila wanasema ni mara ya mwisho. Toleo lijalo, mashine za zamani kama hii hawatazitengenezea tena."

"Hata mimi waliniambia mapema," akasema Evelio.

Pengwini akacheka, kisha akaona haya kwamba amecheka. "Saa saba na nusu naifuata. Kuna nyumba kumi na nne zinaisubiri diski hiyo hiyo, ina tamthilia za wiki."

Umeme, kwa ratiba ya mtaa wao, ungekatika saa nane. Yaremis akavuta kiti, akaunganisha diski. Baba yake akakaa ubavuni, magoti yakigusa meza.

Eulalia akaanza kusoma kila mstari uliopita kwenye skrini, na mistari ilipita kwa mamia. Kila alichosoma kiliichelewesha mashine.

"Nimnyamazishe, Baba? Tukienda hivi hatutamaliza leo."

Evelio akafikiri. "Mnyamazishe. Ila wewe ndiye mdomo wake sasa. Chochote itakachouliza, nisomee kabla hujajibu."

"Sawa."

Mwanzoni alimsomea. Mashine iliposema haina nafasi, alimwambia, na alipofuta vifurushi vya toleo la zamani vilivyokuwa vimehifadhiwa humo, alimwambia pia. "Hatutavihitaji tena," akasema, na Evelio akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Saa zikaenda. Zoraida akaleta kahawa, ile ya kuchanganywa na njegere za kukaanga, akaiweka mbali na nyaya.

Saa sita na dakika ishirini mashine ikasimama na kuuliza. Iliweka orodha ndefu ya programu zitakazosasishwa, chini yake nyingine ya zitakazoongezwa, na chini kabisa nyingine ya zitakazoondolewa. Majina yalikuwa mafupi mafupi, yamebanana kama magari kwenye maegesho, na mwishoni swali moja: niendelee, ndiyo au hapana?

"Inasemaje?" akauliza Evelio.

"Kawaida tu, Baba. Majina ya programu."

"Yasome."

"Ni mamia. Nikianza kusoma umeme utatukuta katikati, na ukitukuta katikati ndiyo tumekwisha kabisa."

Katika hilo alisema kweli. Mtaani walikuwa wameziona mashine zilizokatikiwa umeme katikati ya kazi kama hiyo, zisiamke tena. Vidole vya Evelio vikatembea ukingoni mwa meza. Yaremis akapitisha macho juu ya orodha kama mtu anayepita mbele ya nyumba asiyodaiwa salamu, akabonyeza ndiyo.

Kazi ikaisha saa saba na dakika kumi. Pengwini akaja, akaivisha diski soksi yake, akaondoka akipiga mluzi. Yaremis akaizima mashine, akaiwasha. Skrini ikaja na picha mpya, milima ya buluu, nzuri kuliko ile ya zamani. Akaingia ndani. Akaifungua flashi ya ofisi, na faili lililokataa jana likafunguka mara moja. Sauti ya mzee mmoja ikajaa chumba, akisimulia juu ya ng'ombe wa kuvuta miwa.

"Umesikia, Baba?" Akamshika bega. "Limefunguka."

"Nimesikia." Evelio alikuwa anatabasamu. Akaweka mikono kwenye kibodi, akabonyeza vitufe vya kumwamsha Eulalia. Akasubiri. Akabonyeza tena.

"Mbona hasemi?"

"Subiri, labda anachelewa."

Wakasubiri. Mzee wa ng'ombe akaendelea kusimulia mpaka Yaremis alipomzima, ili wasikie vizuri. Hapakuwa na kitu cha kusikia. Akaitafuta programu ya sauti kwenye orodha ya mashine, haikuwepo. Akatafuta faili zake za lugha, nazo hazikuwepo. Zoraida akaja na kitambaa cha sahani begani, akasimama nyuma yao.

Umeme ukakatika saa nane kamili.

*

"Nilipunguza kidogo," akasema Pengwini Jumatano asubuhi, akiwa amesimama uani. Hakukubali kukaa.

"Ulipunguza nini?" akauliza Yaremis.

"Kwenye folda za mashine za zamani. Zilikuwa kubwa, dada. Diski ilijaa. Nikatoa zile nilizoona hakuna anayezitumia. Sauti, herufi za Kichina, vitu kama hivyo."

"Uliweka nini mahali pake?"

Pengwini akautazama ukuta. "Ile tamthilia ya Kituruki. Vipindi tisini."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mashine ilipotaka kusasisha sauti haikuiona mpya kwenye diski, na ya zamani haikupatana na mfumo mpya, ikaamua kuiondoa. Ikaomba ruhusa, na ruhusa ikapewa.

"Tupe basi toleo la zamani, turudi tulikotoka."

"Nililifuta ili niweke hili. Binamu yangu Havana analo, na hili jipya analo kamili. Anakuja mwisho wa mwezi. Mungu shahidi wangu, mzee, ningejua ni ya Eulalia ningetoa hata picha za harusi yangu."

"Mwisho wa mwezi," akasema Evelio. "Haya. Asante kwa kuja mwenyewe kuniambia."

Yaremis akaenda bustani ya mji, ambako mtandao hushika, akakaa juani na simu akijaribu kuvishusha vipande vya sauti kimoja kimoja. Kipande cha kwanza kikadai cha pili. Cha pili kikadai viwili vingine, na kimoja kati ya hivyo kikataka kingine kikubwa kuliko vyote. Bando likaisha hicho kikubwa kikiwa nusu. Akarudi nyumbani, akapita mbele ya jirani aliyekuwa akianika nguo.

"Yaremis, mke mwenza wa mama yako kanyamaza siku ya pili leo. Wamegombana?"

"Anaumwa," akasema Yaremis.

"Mpeni pole," akasema jirani, bila ubaya.

Jioni ile na sehemu ya asubuhi ya pili yake wakapiga kurasa nne. Evelio alisikiliza na kupiga, maana vidole vyake vilijua kibodi bila macho, na Yaremis akamsomea alichoandika, akisahihisha. Ilikuwa kazi ya polepole kama kulisha mgonjwa. Saa mbili asubuhi ya Alhamisi ikabidi aende dukani.

"Nenda," akasema Evelio. "Kuanzisha na kusimamisha sauti najua. Kupiga najua. Ukirudi utanisomea zote pamoja."

Zoraida naye alikuwa kwenye foleni ya mkate. Kwa hiyo Evelio alibaki peke yake, na alifanya kazi kwa saa tano. Alisikiliza sentensi, akasimamisha, akapiga. Alirudisha nyuma pale mzee alipokohoa, ili asikose neno chini ya kikohozi. Umeme siku hiyo ulikuwa mzuri. Yaremis aliporudi saa tisa alimkuta amejinyoosha kitini, uso umechangamka kama wa mtu aliyetoka kuogelea.

"Hesabu kurasa," akasema. "Nadhani zinafika kumi na tatu."

Yaremis akainama. Katikati ya skrini palikuwa na kidirisha kidogo, ambacho mfumo mpya ulikuwa umekileta wenyewe, kikiuliza kama mtumiaji angependa kukumbushwa baadaye. Kilikuwa kimekaa mbele ya kila kitu tangu asubuhi. Vitufe vya kuendesha sauti viliendelea kutii, lakini maneno yote aliyoyapiga baba yake yalikuwa yakigonga pale, na kidirisha hakikuwa na mahali pa kuyaweka.

Akakisogeza pembeni; nyuma yake ukurasa ulikuwa palepale walipouacha asubuhi.

"Ngapi?" akauliza Evelio.

Alijua namna mbili za kumdanganya. Angeweza kusema saba. Angeweza kusema umeme uliruka ukafuta.

"Hakuna, Baba. Kuna kidirisha kilijitokeza. Hakuna hata neno."

Evelio akaitoa mikono kwenye kibodi, akaiweka mapajani, kiganja kimoja juu ya kingine.

"Hata lile la kikohozi?"

"Hata hilo."

"Lilikuwa jina la ng'ombe," akasema. "Nilirudia mara sita kulipata."

*

Ijumaa walikwenda ofisini wawili, Evelio amevaa shati la kola ambalo Zoraida alilipiga pasi ya mkaa. Walikuwa na kurasa nne. Nivia aliwakaribisha vizuri, akamimina kahawa.

"Anatumia sukari?" akamuuliza Yaremis.

"Ana kisukari," akasema Evelio. "Asante."

Nivia akazigeuza kurasa. "Nilitaka ishirini."

"Mashine ilipoteza sauti, ndugu Nivia. Mwisho wa mwezi itapona."

"Mwisho wa mwezi mkataba utakuwa umekufa." Akamgeukia tena Yaremis. Tangu waingie hakuwa amemtazama Evelio usoni, labda kwa sababu hakuona faida. "Wewe umesoma kompyuta, sivyo? Sikiliza. Nikiandika jina lako, sina haja ya kumweleza mtu yeyote habari za sauti. Kazi inabaki kwenu, mashine ni ile ile, chumba ni kile kile. Nikiacha lake, Jumatatu kazi inakwenda kwa yule mwenye laptopu. Mimi naona nawasaidia."

"Siwezi kumchukulia baba yangu kazi."

"Basi anayeichukua ni mwenye laptopu."

Feni ya dari ilikuwa haizunguki. Kwenye chumba cha pili mtu alikuwa akipiga mihuri.

"Mpe kalamu," akasema Evelio.

"Baba."

"Nyumba inakula, Yaremis. Saini."

Akasaini. Kisha Nivia akatoa karatasi nyingine, ya Evelio, isemayo kwamba anaiacha kazi kwa hiari yake, akaweka rula chini ya mstari ili ajue pa kuandika. Evelio hakuihitaji rula. Aliupapasa ukingo wa karatasi, akapima kwa vidole viwili, akaandika jina lake kwa zile herufi za wachoraji, zilizosimama wima zote kwa kimo kimoja.

"Mwandiko mzuri kweli," akasema Nivia, na alimaanisha.

Walirudi kwa miguu, mkono wake ukiwa kwenye kiwiko cha binti yake. Walikuwa wameshalipita kanisa alipoongea.

"Ile orodha ya Jumanne. Jina lake uliliona?"

Yaremis alikuwa amelingoja swali hilo kwa siku tatu. "Nililiona. Kati ya zinazoondolewa. Nilidhani inamwondoa wa zamani ili imweke mpya."

Evelio akatembea hatua kadhaa. "Hata mimi ningedhani hivyo," akasema. "Ningebonyeza ndiyo, vilevile kama wewe."

Yaremis akavuta pumzi.

"Lakini ningekuwa nimebonyeza mimi," akasema baba yake.

*

Jumamosi mchana Zoraida alivihamisha viti bila kuambiwa. Kile chenye mto akakiweka mbele ya kibodi, kwa Yaremis. Cha mbao akakiweka karibu na spika. Kisha akaenda jikoni kumenya magimbi.

Yaremis aliianzisha sauti, akawa anapiga. Alikuwa mwepesi kuliko alivyojidhania. Mzee wa kwenye rekodi alikuwa anasimulia jinsi alivyokutana na mkewe kwenye kituo cha kupimia miwa. Alipofika kwenye jina la mwanamke huyo, Yaremis akaliandika, akaendelea.

"Umeruka," akasema Evelio.

"Nini? Nimeandika yote."

"Rudisha."

Akarudisha. Mzee alisema alikuwa amesimama pale mwanamke mmoja, kisha pakawa na kitu kifupi, kama pumzi iliyokwama, kisha jina.

"Hapo," akasema Evelio. "Kacheka. Kabla hajalitaja jina, kacheka. Weka mabano, andika anacheka."

"Hata hayo yanaandikwa?"

"Usipoyaandika, atakayesoma atadhani alilitaja tu."

Akaandika. Kuanzia hapo akawa anasimama kila mara na kuuliza, na Evelio akawa anajibu, macho yake yaliyofungwa yakiwa yameelekea kwenye spika. Hapa anavuta sigara, usiandike. Hapa amenyamaza kwa sababu ameudhika, andika. Hilo siyo jina la mtu, ni aina ya miwa. Rekodi ya kwanza ya siku hiyo ikaisha, kurasa sita. Chini ya ukurasa wa mwisho palikuwa na mstari wa ofisi: Imeandikwa na.

Yaremis akatazama mlango wa jikoni. Akapiga herufi sita, nafasi moja, kisha herufi za ukoo.

"Futa," akasema Evelio.

"Hujui nimeandika nini."

"Nimelipiga jina hilo miaka tisa kwenye kibodi hicho. Nalijua linavyogonga. Ndugu Nivia atairudisha kazi nzima. Futa, weka lako."

Yaremis hakusogea.

"Futa, mwanangu."

Akabonyeza kitufe cha kufuta, mara moja kwa kila herufi, hakutaka kukishikilia kikafuta yote kwa mkupuo. Evelio alikuwa anahesabu kwa kidole kwenye goti. Kilipofika mwisho kidole kikasimama, kikangoja mpaka jina lile jingine lilipokwisha kupigwa, herufi saba na ukoo uleule.

Akasogeza kiti chake karibu zaidi na spika.

"Weka ya pili," akasema.